Deni la Sikio

Kijana wa Nunguni, juu katika milima ya Kilungu, anapofungua video iliyohifadhiwa ng'ambo, ombi lake huteremka mlimani, hujiunga na faiba iliyofukiwa kandokando ya Barabara ya Mombasa, na kabla hajapepesa jicho huwa limeshapita Emali, Makindu, Kibwezi na Mtito Andei na kuzama baharini. Kebo ya TEAMS ilifika Mombasa mwaka 2009 ikitokea Fujairah, umbali wa kilomita zipatazo 5,000. Seacom ikaanza kazi mwaka huohuo, EASSy mwaka uliofuata, na nyingine zikaja nyuma yake. Wengi wetu hatukuwa na habari nazo hadi Mei 2024, EASSy na Seacom zilipokatika katika bahari ya Afrika Kusini na intaneti ikaanza kusuasua kuanzia Dar es Salaam hadi Nairobi. Wako wanaoshikilia kwamba Syokimau, nabii wa Wakamba, aliyaona haya yote aliponena habari za nyoka mrefu atakayetoka baharini. Nyoka yule alikuwa reli, nasi tumwachie nabii reli yake. La kuzingatia hapa ni jambo ambalo hata waliozitandaza kebo hizi hawakulikusudia: kioo kilekile kilicho ndani ya kebo, kinachobeba maneno ya watu, kina uwezo wa kusikia. Likishakuwa hivyo, linazuka swali ambalo mafundi hawawezi kutujibia. Je, anayesikia anadaiwa chochote kwa sababu ya kusikia kwake?

Uwezo wenyewe hauna uchawi. Mashine ya leza huwekwa nchi kavu, penye ncha ya kebo, ikawa inatuma ndani ya uzi wa kioo mapigo ya mwanga, mamia au maelfu kwa sekunde. Hakuna kioo kilicho safi kabisa. Kila mahali katika uzi pana kasoro ndogo mno zinazotawanya mwanga, na sehemu ndogo ya mwanga huo hurudi ulikotoka. Ndani ya kioo mwanga husafiri kilomita zipatazo 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo ukiupima muda wa kurudi unajua umerudi kutoka wapi. Sauti ikipita majini, au mtetemo ukipita chini ya sakafu ya bahari, uzi hunyooka au hubanwa kwa kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona, na mwanga unaorudi kutoka hapo hubadilika. Mchungaji aliyeshika ncha ya kamba hujua bila kutazama kwamba mbuzi ameshtuka. Huyu wa leza anajua pia ni sehemu gani ya kamba iliyoguswa, mita kwa mita. Kebo moja ya kilomita 100 inakuwa masikio maelfu yaliyopangwa mstari mmoja. Ukomo upo. Mwanga unaorudi huendelea kudhoofika, na baada ya kilomita 100 na kitu, au kebo inapofikia kifaa chake cha kwanza cha kuuongezea mwanga nguvu, njia hii haisikii tena. Ni sikio la pwani na jirani zake, wala si sikio la bahari nzima.

Bahari za ncha za dunia ndizo zilizouthibitisha uwezo huu kwa namna ya kushangaza, kwa sababu huko ndiko masikio mengine yanakoshindwa. Boya husagwa na barafu, meli hazipenyi wakati wa baridi kali, na giza hudumu kwa miezi. Kebo iliyolala chini haina habari na hayo. Katika kiangazi cha mwaka 2020 watafiti wa Norwei walitumia kilomita 120 za kebo inayopita katika ghuba ya Isfjorden, Svalbard, kebo iliyowekwa kuunganisha mji wa Longyearbyen na kijiji cha watafiti cha Ny-Ålesund. Data ilitumwa moja kwa moja hadi Trondheim, terabaiti zipatazo 7 kila siku, na ndani yake walikuta milio ya nyangumi wa buluu, ngurumo za meli, matetemeko ya ardhi, hata mawimbi ya dhoruba zilizovuma maelfu ya kilomita kutoka hapo. Kaskazini mwa Alaska, katika bahari ya Beaufort, wanasayansi wa maabara za Sandia waliisikiliza kebo ya mawasiliano iliyo chini ya barafu ya bahari, wakaweza kutambua mahali barafu ilipo na mahali ilipokosekana. Lililo zito zaidi linatoka kusini mwa Greenland, ambako mwaka 2023 kebo ya kilomita 10 ilitandazwa mbele ya mto wa barafu unaomeguka kuingia baharini. Kila kipande kilipoanguka, kebo ilisikia ufa, kishindo na wimbi. Kisha, uso wa maji ulipokuwa umetulia kabisa, ikaendelea kuhisi mawimbi makubwa ya kilindini yaliyokuwa yakiyakoroga maji yenye joto na kuyapeleka kwenye ukuta wa barafu. Kwa hiyo kumeguka kunazaa kuyeyuka, na kuyeyuka kunazaa kumeguka kwingine. Hakuna jicho lililokuwa limeliona hilo likitendeka.

Habari kama hizi zikimfikia mtu wa dini, la kwanza analohisi ni hofu ya kiburi. Kusikia yaliyo vilindini ni sifa ya Mungu. Binadamu akijitengenezea sikio la namna hiyo, je, hajengi tena mnara wa Babeli, safari hii akielekea chini badala ya juu? Sioni kwamba hofu hiyo ni ya kipuuzi, ila naona imeshika mahali pasipo penyewe. Inadhani ukuu wa sikio la Mungu umo katika upana wake, kwamba halikosi kitu. Tukiyarudia maandiko yenyewe tunakuta jambo jingine. Katika kitabu cha Kutoka, Mungu anasikia kilio cha watumwa wa Misri, na habari haiishii kwenye kusikia. Inafuata safari ya Musa. Yona, ambaye Waislamu wanamjua kwa jina la Yunus, anaomba akiwa tumboni mwa samaki, mahali ambapo hakuna kiumbe angeweza kumsikia, naye anatolewa. Sura ya 58 ya Kurani inaanza na mwanamke aliyeleta malalamiko juu ya mumewe, na Mwenyezi Mungu kuyasikia. Inayofuata ni hukumu kamili, kwamba mume aliyemtenga mkewe kwa kiapo cha kijahili amwache mtumwa huru, asipoweza afunge miezi miwili mfululizo, kabla ya kumrudia, na asipoweza hilo pia alishe maskini 60. Katika masimulizi yote hayo, kusikia na kujibu havitenganishwi. Mungu anayesikia kila kitu asijibu lolote ni yule mungu wa sanamu ambaye manabii walimcheka. Basi ikiwa mashine imetofautiana na sikio la Mungu, tofauti haiko katika idadi ya kilomita. Iko katika hili: nyuma ya mashine huenda pasiwepo yeyote wa kuitika.

Wakamba hawakuhitaji kusoma vitabu hivyo ili wajue kwamba kusikia kuna uzito. Katika utui, yaani kijiji cha Wakamba, kama katika vijiji vingi vya Afrika Mashariki, mtu akipiga nduru usiku, sauti ile si habari tu, ni amri. Aliyekuwa safarini hana lawama, na aliyelala fofofo atasamehewa. Aliyesikia, akajigeuza upande wa pili na kuvuta blanketi, huyo ataulizwa kesho yake mbele ya wazee, na akikosa jibu atahesabiwa karibu sawa na mwizi aliyekuja. Ni kanuni yenye busara kuliko inavyoonekana. Haimtwiki mtu mzigo wa shida zote za dunia. Inamtwika ile iliyomfikia sikioni, kwa kadiri ya miguu yake. Huanza na kujua, ikapimwa kwa uwezo. Nami naongeza sharti moja ambalo wazee hawakulihitaji, kwa kuwa zamani zao mtu alizaliwa na masikio yake, hakuyanunua: aliyekwenda kutega sikio kwa hiari yake, kwa gharama na kwa mipango, amejifunga zaidi kuliko yule ambaye sauti ilimkuta kitandani. Mtu aliyejenga kibanda cha ulinzi juu ya kilima hawezi kusema kwamba nduru haikumhusu.

Kwamba hili si fumbo la darasani, tarehe 26 Desemba 2004 ni shahidi. Tetemeko la Sumatra lilitokea karibu saa kumi za alfajiri kwa saa zetu. Mawimbi ya tetemeko hukimbia ndani ya miamba kwa kasi kubwa. Yalipita chini ya Ukambani kiasi cha dakika kumi baadaye, watu wa Kilungu wakiwa bado usingizini. Kaskazini mwa milima hiyo, huko Kilimambogo, kipo kituo cha kupima mitetemo kilicho katika mtandao wa kimataifa wa kugundua majaribio ya nyuklia, na dunia imejaa vituo kama hicho. Maji ya tsunami yenyewe yalihitaji zaidi ya saa saba kufika pwani ya Somalia. Zaidi ya saa saba! Na hata hivyo karibu watu 300 walikufa Somalia, wengi wao wavuvi na jamaa zao, kwa sababu kati ya vifaa vilivyosikia na vijiji vilivyokuwa hatarini hapakuwa na mtu aliyewajibika kupeleka habari. Kenya ilipoteza mtu mmoja. Habari za Asia zilikuwa zimefika, na wakuu wakawaondoa watu ufuoni. Tofauti kati ya pwani hizi mbili haikutokana na ubora wa vipimo, kwa maana tetemeko lililopimwa lilikuwa lilelile. Mfumo wa tahadhari wa Bahari ya Hindi, unaoendeshwa na Australia, India na Indonesia, ulianza kutoa taarifa zake kamili mwaka 2011, na sehemu ngumu ya kuujenga haikuwa kusikia. Ilikuwa kuamua nani ampigie nani, na akishapigiwa afanye nini.

Mwaka huohuo wa 2011 ulituletea ushahidi mwingine, mbaya kuliko wa kwanza. Wataalamu wa FEWS NET, mtandao wa kutahadharisha mapema kuhusu njaa, walikuwa wakionya tangu mwaka 2010 kwamba mvua zitakosekana na njaa itaikumba Pembe ya Afrika. Umoja wa Mataifa ulitangaza baa la njaa Somalia tarehe 20 Julai 2011. Utafiti uliotolewa mwaka 2013 ulikadiria kwamba watu 258,000 walikufa, zaidi ya nusu yao watoto wa chini ya miaka mitano. Onyo lilikuwepo, na lilisomwa na watu wenye fedha. Ukambani ina desturi ya kuyapa majina mabaa yake ya njaa, na mojawapo ya yale ya miaka ya 80 liliitwa Nikw'a Ngwete, nafa huku nimeshika, kwa kuwa watu walikuwa na pesa mkononi na chakula cha kununua hakikuwepo. Sijui kama limewahi kupatikana jina lenye kuieleza vizuri zaidi hali ya ulimwengu wa vipimo: tumeshika takwimu, tumeshika ramani, tumeshika milio ya barafu ikimeguka, na tulichokishika hakiliki.

Hapa mpinzani makini atanisimamisha. Atasema kwamba nduru ni wito, imepigwa ili isikiwe, na deni linatokana na yule anayeita. Nyangumi wa buluu wa Isfjorden hakumwita mtu wa Trondheim. Barafu ya Greenland haina hata mdomo. Kusikia kwa bahati sauti isiyokuelekea hakuwezi kukutia deni, la sivyo kila apitaye karibu na ndege aliaye angekuwa mdaiwa. Nakubali nusu ya hoja hii. Barafu haidai kitu, na maandishi yanayoipa barafu roho ili tuihurumie yananichosha. Tukiwa na deni kuhusu barafu, wadai ni watu na viumbe ambao maisha yao yanafuata barafu inakokwenda. Barafu yote ya Greenland ikiyeyuka, bahari itapanda mita zipatazo 7, na ingawa hilo ni la karne nyingi zijazo, sentimita zake za kwanza zinahesabiwa sasa Lamu na Mombasa. Ni lazima niseme pia, kwa kuwa wengi hulichanganya, kwamba ukame wa Kilungu hauletwi na kuyeyuka kwa Aktiki. Mvua za Ukambani hutegemea zaidi joto la Bahari ya Hindi na Pasifiki. Deni halihitaji kutiwa chumvi. Nusu nyingine ya hoja siikubali. Mtoto mchanga aliaye hamwiti mtu. Hajui kama kuna watu. Tunamwendea kwa sababu anaweza kuumia, tunaweza kusaidia, na tumesikia. Kuita si sharti. Na nyangumi anaweza kuumia: meli humgonga, na kelele za injini humzibia mawasiliano yake. Wala tusidhani ni mgeni kwetu. Nyangumi wenye nundu wanaojilisha katika maji ya Antaktika hupanda kila mwaka kuja kuzaa katika maji yenye joto ya Bahari ya Hindi magharibi, na kuanzia Julai huonekana Watamu. Anayewasikia huko kusini anasikia wageni wetu wakiwa kwao.

Hoja ya pili ni ngumu zaidi, na ndiyo iliyonisumbua zaidi. Hakuna awezaye kujibu yote. Terabaiti 7 kwa siku ni nyingi kuliko zinavyoweza kusikilizwa na watu wa chuo kimoja; programu ndizo zinazochuja, na kisichotafutwa hakipatikani. Ikiwa kusikia ni deni, basi aliyejenga sikio kubwa amejifilisi kabla hajaanza, na maadili yanayomdai mtu asichoweza si maadili. John Mbiti, mwanatheolojia aliyezaliwa Mulango, Kitui, mwaka 1931, anatusaidia kulifikiria hili ingawa hakuwahi kuandika juu ya kebo. Katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika aligawa wakati sehemu mbili kwa maneno ya Kiswahili, Sasa na Zamani. Sasa ni wakati tunaouishi na kuushughulikia, pamoja na yaliyopita karibuni na yatakayokuja hivi punde. Zamani ni bahari ambamo yote huishia kuzama. Marehemu anabaki ndani ya Sasa maadamu wapo wanaomkumbuka kwa jina. Kwame Gyekye wa Ghana alimpinga kwa nguvu, hasa dai lake kwamba fikra za jadi za Kiafrika karibu hazina wakati ujao wa mbali, na nadhani Gyekye alikuwa na haki katika hilo. Lakini mgawo wenyewe unafaa. Sauti iliyorekodiwa ikawekwa katika ghala la data bila mtu kuisikiliza haijawahi kuingia katika Sasa ya yeyote. Imetoka baharini ikaenda moja kwa moja katika Zamani, na kuwepo kwake kwenye diski hakuna tofauti na kutosikiwa. Kwa hiyo deni halihesabiwi kwa ukubwa wa ghala. Linahesabiwa kwa yale tuliyoyaleta katika Sasa yetu, yaani tuliyoyachuja, tukayatambua, tukayapa jina. Anayeandika programu ya kutambua nyangumi amemleta nyangumi mezani. Anayeandika programu ya kutambua nyambizi peke yake, akatupa mengine yote, amechagua pia nani aitikiwe, na uchaguzi huo unaweza kuhojiwa. Hata hivyo natambua kwamba jibu hili lina mwanya: mtu anaweza kukwepa deni kwa kutochuja, akakaa juu ya ghala lake akisema hajui kilichomo. Utui haukumkubalia aliyeziba masikio kwa makusudi, na sioni sababu ya sisi kumkubalia. Asiye na nia wala njia ya kujibu ana hiari moja ya heshima, nayo ni kutotega sikio.

Wapo watakaonijibu kwamba nimekuwa mkali kupita kiasi, kwa kuwa kujua ni jema lenyewe, na kustaajabia kazi ya Muumba ni ibada. Mwanasayansi anayesikia mlio wa nyangumi kwa mwanga unaorudi kutoka kilindini akasisimka, je, hajajibu? Kwa sauti ya uhai, amejibu, tena vizuri. Sifa ni jibu, na dini zote za eneo hili zinaifahamu. Kwa sauti ya dhara haitoshi. Mtu aliyesikia nduru akasifu uzuri wa sauti hatutamwita mcha Mungu.

Kuna dai jingine linalofichwa ndani ya sifa za teknolojia hii, kwamba kioo hakina upendeleo, kwa hiyo hatimaye tutasikia bila kutegemea maneno ya watu. Dai hili linahitaji kuangaliwa kwa macho mawili. Mwaka 1849 mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika Kitui kwa Kivoi, mfanyabiashara na kiongozi wa Wakamba, akasimuliwa habari za mlima mrefu wenye weupe kileleni, na tarehe 3 Desemba akauona kwa macho yake. Huko London, William Desborough Cooley, bingwa wa jiografia aliyekuwa hajakanyaga Afrika Mashariki, alikataa katakata kwamba theluji inaweza kukaa penye ikweta. Wakamba walikuwa wakijua. Kilichokosekana ni sikio lililo tayari kuwahesabu kuwa mashahidi. Alaska ina kisa chake cha namna hiyo. Mwaka 1977 tume ya kimataifa ya nyangumi iliwapiga marufuku watu wa Inupiat wasiwavue nyangumi wa Aktiki waliokuwa wakiwategemea tangu mababu, kwa kuwa hesabu ya waliowatazama kutoka kingo za barafu ilionyesha wamebaki wachache. Wavuvi walisema hesabu ni potofu, kwamba nyangumi hupita chini ya barafu na mbali na pwani, wakivunja matundu ya kupumulia. Katika miaka ya 80 maikrofoni za majini zilishushwa chini ya barafu, na zikasikia walichokisema wavuvi. Makadirio yakapanda mara kadhaa. Chombo kiliwatetea, ni kweli. Lakini kiliwatetea kwa sababu wao ndio waliosema sikio litegwe wapi. Masikio maelfu ya kioo bila mwenyeji wa kuuliza maswali yangeendelea kuhesabu vibaya kwa usahihi mkubwa.

Nimeacha makusudi hoja ya upelelezi hadi sasa, ingawa ndiyo inayozungumzwa zaidi. Faiba iliyofukiwa kando ya barabara inaweza kuhisi magari na hata nyayo za watu. Baharini inaweza kuhisi meli na nyambizi. Nchini Canada na Marekani, sauti za maikrofoni za utafiti wa baharini hupitia kwanza mikononi mwa jeshi la majini. Mkataba wa Svalbard wa mwaka 1920 unakataza visiwa hivyo kutumiwa kwa shughuli za vita, na kebo inayosikia injini za majini inauweka mkataba huo katika mtihani ambao waliouandika hawakuuota. Kwetu, ibara ya 31 ya Katiba ya Kenya inalinda faragha, na ipo Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Yote haya ni muhimu, lakini naona ni tawi la shina lilelile. Kosa la mdukuzi si kusikia tu. Daktari husikia siri kubwa kuliko anazosikia mdukuzi, na padri vilevile. Kosa lake ni kusikia akiwa amejificha, mahali ambapo aliyesikiwa hawezi kumwita wala kumdai. Anayesikia hadharani, anayejulikana jina na ofisi, amekwisha kuanza kulipa.

Kutokana na hayo, naona mtu wa Kilungu hasimami upande wa wadaiwa peke yake. Kebo hizi zinaendeshwa kwa ada yake ya kila siku, bando kwa bando. Maneno yake ndiyo yanayokipa kioo sababu ya kulala baharini. Siku leza ya kusikiliza itakapofungwa kwenye kebo inayotua Mombasa, na vifaa vya kufanya hivyo vinauzwa tayari, atakuwa na haki ya kuuliza kabla haijawashwa, na swali lake halitakuwa kama kioo kinasikia vizuri. Leseni za kutua kebo hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, na katika leseni ya namna hiyo naomba pawepo ukurasa mmoja unaotaja kwa cheo nani atapokea mlio wa tetemeko saa nane za usiku, nani katika Idara ya Hali ya Hewa ataamshwa, nani atazipunguza mwendo meli zinazoelekea bandarini nyangumi wakipita na ndama zao, data itakaa wapi na kwa miaka mingapi, na mvuvi wa Kipini, ambaye hatasoma ripoti yoyote, atapigiwa na nani. Ukurasa huo ukiwa mtupu, leza isiwashwe.